Valorant: K/D 1.1 lakini bado Silver 2, tatizo liko wapi?

mbeba_spike

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba msaada kwa wanaoijua Valorant vizuri, gemu ya kompyuta ya kurushiana risasi watano kwa watano, hasa waliokwisha kuvuka ngazi za Gold na Platinum. Naweka hali ilivyo ili mtu asibahatishe.

Ranki ni Silver 2, nimeshinda karibu nusu ya mechi. Ushindi unanipa pointi +17, kipigo kinanikata −22. Ajenti (mhusika ninayemchezea) ni Reyna, na akishachukuliwa nachukua Jett. K/D (mauaji kwa kila kifo) 1.1. Maus DPI (unyeti wa maus yenyewe) 1600, sensitiviti ya ndani ya gemu 0.6. Laptop ya skrini 60Hz, FPS (picha kwa sekunde) inacheza kati ya 70 na 110. Natumia Wi-Fi, pingi (muda wa kwenda na kurudi kwenye seva) milisekunde 105 hadi 130. Kwa kawaida naingia peke yangu, mara moja moja nikiwa na marafiki watatu.

Maswali: kwa nini nikatwe nyingi kuliko ninazopewa wakati naua kuliko ninavyokufa? Nibadilishe nini kwenye kulenga? Nibaki na Reyna au nihame? Na sisi wanne, mbona gemu inakataa tusiingie ranki pamoja?

---

hesabu_kwanza

La mwisho ndilo jepesi kwa hiyo tulimalize: ranki inaruhusu mtu mmoja, wawili, watatu au watano. Wanne hairuhusiwi, kwa sababu yule wa tano angekuwa yatima ndani ya timu yenye ukoo wake, na wakikasirika wangempigia kura ya kila kitu. Tafuteni wa tano au mmoja apumzike.

Sasa pointi. Valorant ina vipimo viwili. Kimoja unakiona: Silver 2 na pointi zake, yaani RR, kuanzia 0 hadi 100. Kingine kimefichwa, kinaitwa MMR, na hicho ndicho kinachokutafutia wapinzani. Ranki unayoiona inavutwa kuelekea kile kilichofichwa. Ukiona +17 na −22, maana yake mfumo unaamini nafasi yako halisi iko chini kidogo ya Silver 2, hivyo unakushusha taratibu. Siku utakapoona +22 na −17 jua mambo yamegeuka.

Tupige hesabu. Kwa +17/−22 unahitaji kushinda zaidi ya asilimia 56 ili usirudi nyuma. Mechi 20 za nusu kwa nusu zinakuachia −50. Ukishinda 12 kati ya 20, unapata 204, unakatwa 176, faida 28 tu. Kwa mwendo huo Gold 1 iko mbali sana. Lakini ukishinda kwa mfululizo, MMR inapanda na mgawanyo unabadilika wenyewe. Kwa +20/−18, zile zile 12 kati ya 20 zinakupa 96. Kwa hiyo usikate tamaa mwezi wa kwanza ukaona unajitahidi na ngazi haisogei, kinachosogea kwanza ni kile usichokiona.

Kuhusu K/D: chini ya ngazi ya Immortal mchango wa mtu mmoja mmoja unahesabiwa kidogo, ila kushinda na kushindwa ndiko kunakobeba uzito. Na mauaji hayana thamani sawa. Kuua wa kwanza kwenye raundi kunawaacha wenzako watano dhidi ya wanne. Kuua wawili baada ya wenzako wanne kulala, kisha ukafa, kunapamba ubao wa matokeo na raundi imeenda. Reyna wengi wa Silver wana K/D nzuri ya aina hiyo ya pili.

Akaunti mpya haitakusaidia. MMR itakukuta hapo hapo ndani ya mechi chache.

---

shabaha_kichwani

Nichukue sehemu ya maus maana hapo naona moshi. DPI 1600 mara 0.6 ni 960. Kwa Valorant namba hiyo inamaanisha mkono ukisogea sentimita 14 hivi umezunguka duara zima. Wachezaji wengi wa juu wako kati ya 200 na 400. Ukiwa na 960, kutetemeka kidogo kwa kidole kunaruka kichwa cha mtu aliye mbali, ndiyo maana unajikuta unapiga kifua na bega.

Nenda 800 mara 0.4, jumla 320, duara zima linakuwa sentimita 41 hivi. Kama meza ni finyu chukua 0.5, sentimita 33. Utahitaji kusogeza mkono kuanzia kwenye kiwiko, si kifundo peke yake, na pedi yenye upana wa angalau sentimita 40. Siku tatu nne za kwanza utajiona umelewa. Usirudishe. Kaa nayo wiki mbili kabla ya kugusa tena. Kosa linaloua watu ni kubadilisha sensitiviti kila wanapopoteza mechi mbili, mkono haupati nafasi ya kuzoea.

Lakini sensitiviti ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mahali alama yako ya shabaha inapokaa kabla adui hajaonekana. Wengi wa ranki za chini wanatembea wakitazama sakafu, akitokea mtu wanapandisha. Weka alama kwenye kimo cha kichwa muda wote, hata unapokimbia kwenye njia salama. Tumia vitu vya ramani kama rula: maboksi, mistari ya milango, kingo za ukuta. Na usiibandike kwenye ukingo wenyewe wa kona. Acha nafasi ya upana wa mtu mmoja hivi, kwa sababu adui anatoka akiwa anatembea, na jicho lako linahitaji muda wa kuagiza kidole.

Simama kabla ya kupiga. Valorant inaadhibu vikali risasi ya mtu anayetembea. Ukienda kulia kwa D, achia D, gusa A kidogo, piga. Ukisikia bunduki yako inalia na ukuta wa nyuma unatoboka kuzunguka kichwa cha mtu, tatizo si bahati, ulikuwa bado unasogea.

Bunduki: Vandal na Phantom zote bei ni 2,900 za hela ya gemu. Vandal hedishoti ni 160 kwa umbali wowote, na mtu mwenye ngao nzito ana uhai 150 jumla, kwa hiyo risasi moja ya kichwa inamaliza kazi. Phantom karibu inatoa 156, lakini umbali ukizidi inashuka chini ya 150, anabaki na uhai kidogo na anakuua. Faida ya Phantom ni kasi, risasi 30 badala ya 25, na risasi zake haziachi mstari hewani, nzuri sana kupiga kupitia moshi. Ukipenda kukaa mbali chukua Vandal. Ukicheza karibu na ndani ya moshi chukua Phantom. Mbali piga risasi mbili au tatu, acha, rudia. Karibu mwaga zote ukivuta maus chini. Kuchuchumaa kila unapoanza kupiga ni tabia mbaya, mpinzani aliyelenga kifua anapata kichwa bila kutafuta.

Mazoezi, dakika 25 kwa siku zinatosha: uwanja wa mazoezi, roboti 30 kwa kasi ya kati, lenga kichwa tu, raundi tatu. Ukifikia 20 kati ya 30 mara kwa mara, nenda kasi ya juu. Kisha Deathmatch moja (kila mtu dhidi ya wote), na humo usitafute ushindi. Fanya jambo moja tu, kusimama kabla ya kupiga. Ukimaliza na mauaji 15 safi umefaidi kuliko 30 ya kumwaga.

---

mhasibu_wa_raundi

Mkuu hapo juu kasema vizuri, lakini nitabisha kidogo. Silver hawapotezi mechi kwa sababu ya mkono. Wanapotezea dukani, sekunde 30 za kununua. Mtu mwenye mkono wa Gold na bunduki ya Sheriff bila ngao anapigwa na mtu wa Bronze mwenye Vandal.

Namba za kukariri, si nyingi. Mnaanza na 800. Mkishinda raundi kila mmoja anapata 3,000. Mkipoteza ya kwanza 1,900, ya pili mfululizo 2,400, ya tatu na kuendelea 2,900. Kila kuua 200. Spike, yaani bomu la washambuliaji, ikitegwa, kila mshambuliaji anapata 300 hata kama raundi imepotea. Kikomo cha mfuko ni 9,000. Kifurushi kamili ni 3,900, yaani bunduki 2,900 na ngao nzito 1,000, bila kuhesabu uwezo wa ajenti.

Sasa angalia jinsi watu wanavyojichinja. Mmepoteza raundi ya bastola, yaani ya kwanza, una 1,900. Usiponunua kitu na mkapoteza tena, raundi ya tatu una 4,300: kifurushi kamili na 400 za moshi au flashi. Ukinunua Sheriff na ngao nyepesi, 800 na 400, unabaki na 700. Mkipoteza, raundi ya tatu una 3,100, Vandal na shati. Na wanaoshikwa na pupa hawaishii hapo, raundi ya nne nayo wananunua nusu, ya tano nusu, hadi wanabadilishana pande wakiwa 2–10 na kulaumiana kwenye maiki.

Dukani pana namba inayokuonyesha kiwango cha chini utakachokuwa nacho raundi inayofuata mkipoteza. Hiyo ndiyo namba ya kutazama kabla ya kubonyeza chochote. Ikiwa 3,900 au zaidi, nunua unachotaka. Ikiwa chini, jiulize kama raundi hii inastahili.

Mkishinda bastola, raundi ya pili bunduki ya Spectre ya 1,600 na ngao nzito inatosha. Raundi ya tatu msiruke kwenye Vandal. Baki na Spectre zenu, nunueni uwezo wa ajenti, chezeni karibu karibu. Mkishinda hapo wapinzani wamevunjika kiuchumi, mkipoteza bado mna hela ya raundi ya nne. Wengi wananunua Vandal raundi ya tatu, wanapoteza, na raundi ya nne hawana kitu, faida yote ya bastola imeyeyuka.

Kuhifadhi bunduki kuna mtego mmoja. Mshambuliaji anayemaliza raundi iliyopotea akiwa hai bila Spike kutegwa anapewa 1,000 tu badala ya fidia ya kupoteza. Mlinzi anayebaki hai Spike ikilipuka naye ni hivyo hivyo. Kwa hiyo kujificha na Sheriff pembeni ni hasara. Kujificha na Vandal na ngao nzima ni faida, maana kilichobaki mkononi kina thamani kuliko kilichokatwa.

Raundi ya 13 mnabadilishana pande na hela zote zinafutwa, mnarudi 800. Raundi ya 12 basi hakuna sababu ya kubana hata senti. Inashangaza wangapi wanaingia raundi ya 12 na bastola huku mfukoni kuna 2,500.

---

waya_na_umeme

Nimesoma majibu yote, hakuna aliyegusa hiyo pingi ya 120 na Wi-Fi.

Kwanza seva. Akaunti ya Valorant imefungwa kwenye kanda iliyosajiliwa. Akaunti za kanda ya Ulaya zinaona Bahrain pamoja na seva za Ulaya kama Frankfurt, London na Paris. Mumbai iko kanda ya Asia na Pasifiki, akaunti ya Ulaya haiioni. Kabla ya kutafuta mechi fungua orodha ya seva, tazama milisekunde za kila moja, weka alama kwenye moja au mbili zenye namba ndogo tu. Ukiacha zote wazi mfumo unaweza kukurusha ya mbali, halafu unalaumu kampuni ya intaneti. Njia ya kebo ya kila mtandao ni tofauti, kwa hiyo usifuate namba za rafiki wa mtaa mwingine. Pima usiku saa mbili na asubuhi, linganisha.

Pili, washa kwenye mipangilio takwimu za mtandao: muda wa kwenda na kurudi, na pakiti zinazopotea. Pingi 110 iliyotulia inachezeka. Pingi 70 inayoruka hadi 200 haichezeki. Wi-Fi ndiyo inayoleta mruko, vuta waya kutoka kwenye ruta. Haiwezekani? Tumia mawimbi ya 5GHz na ukae chumba kimoja na ruta. Simu zinazopakia picha na Windows inayojisasisha zisimamishwe.

Tatu, na hili linabadilisha namna ya kucheza. Seva za Valorant zinapiga hesabu mara 128 kwa sekunde, lakini picha ya adui lazima isafiri hadi kwako. Anayechungulia anakuona kabla wewe uliyesimama hujamwona. Kwa pingi ndogo tofauti hiyo ni ndogo, kwa 120 ni kubwa. Kwa hiyo kusimama pembeni ukisubiri mtu, hasa kwa Operator, bunduki ya masafa marefu, ni kazi ngumu kwako. Chungulia wewe, toka kwa upana, si kwa kuchomoza bega nusu. Na ukishapiga na kukosa, rudi. Usibaki pale pale.

Laptop: ukicheza bila chaja nyingi zinapunguza nguvu, chomeka. Ubora wa vifaa, picha na undani weka chini, V-Sync zima, uchoraji wa nyuzi nyingi washa kama kichakato kina kori za kutosha. FPS inayoruka kati ya 70 na 110 ni mbaya kuliko 80 iliyotulia, weka kikomo cha 80 au 90. Shuka zikitokea pale moshi unapojaa ni joto au kadi ya michoro, inua laptop nyuma sentimita mbili upate hewa.

Umeme: ukitoka katikati ya ranki unakatwa pointi na kufungiwa muda, mfumo haujui kuwa mtaa mzima uko gizani. Laptop ina betri, ruta haina. UPS ndogo ya volti 12 kwa ajili ya ruta inaokoa mechi, mradi volti na ncha ya waya vifanane na adapta ya ruta yako. Ukikatika, fungua gemu tena haraka, inakurudisha kwenye mechi ile ile.

Na kwa atakayesoma hapa anataka kuhamia Windows 11: Vanguard, kizuia udanganyifu cha gemu, inataka TPM 2.0 na Secure Boot, vipengele vya usalama vya kompyuta, viwe vimewashwa kwenye BIOS. Ukipata kosa la VAN9001 au VAN9003 anzia hapo, usifute gemu ukaipakua upya bure.

---

moshi_wa_Omen

Swali la Reyna halijajibiwa, nilichukue.

Ukiondoa jicho lake la kupofusha, uwezo wote wa Reyna ni wa kwake. Anajiponya, anajitoa, anajiongezea kasi, na kujiponya na kujitoa vinategemea aue kwanza. Asipoua yuko pale kama mtu aliyekuja harusini bila mchango na amekaa meza ya mbele. Siku mkono ukiwa baridi timu ina wanne na nusu. Ajenti wa moshi, yaani Omen, Brimstone au Clove, hata ukiwa na mauaji matano, moshi wako umefunga njia mbili na wenzako wamepita. Clove anaweza kutupa moshi hata akiwa amekufa, kwa mtu anayependa kutangulia kama wewe huyo ndiye daraja zuri. Chukua wawili tu: mmoja wa moshi, mmoja mlinzi kama Killjoy au Cypher kwa siku ambayo moshi umeshachukuliwa. Jett mwache kwanza.

Chukua ramani ya Ascent kama mfano: A na B ni sehemu za kutegea Spike, majina mengine ni ya sehemu za ramani. Mnashambulia A: moshi mmoja Heaven, mwingine Tree. Mnashambulia B: mmoja Market, mwingine njia ya kutokea kwa walinzi. Basi. Mnalinda B na mmesikia miguu mingi: moshi B Main, pale pale, usisubiri kuona mtu. Moshi wa Omen unakaa sekunde 15, wa Brimstone 19 na kidogo. Kosa la kila siku ni kuutupa wenzako wakiwa bado wako mbali. Wanafika umebaki sekunde tano, wanaingia, pazia linaondoka, wanachinjwa. Subiri wa kwanza awe mlangoni, tupa, sema "ingieni", wewe ingia wa tatu.

Kuingia ni kwa jozi. Akifa wa kwanza, wa pili amlipize ndani ya sekunde moja, maana aliyemuua bado amelenga pale pale na pengine risasi zimepungua. Umbali wa hatua mbili tatu nyuma yake, na si mstari mmoja, kaa pembeni kidogo, vinginevyo risasi za mtu mmoja zinawalaza wawili. Silver inafanya kinyume: mmoja anaingia, wanne wanasikiliza kifo chake kutoka mbali, kisha anaingia mwingine. Hapo mnacheza mmoja dhidi ya watano mara tano. Kama una K/D 1.1 na hushindi, hesabu ni vifo vyako vingapi vililipizwa. Ukitangulia kila mara peke yako, nusu ya lawama ni ya kwako.

Kwenye maiki: mahali, idadi, madhara. "Wawili A Main, mmoja nimempiga 120." Kimya. Majina ya mahali yaache kama yalivyo kwenye ramani hata mkiongea Kiswahili, na kama timu haielewani lugha bonyeza Z kwenye ramani. Hotuba baada ya kufa hapana, mwenzako aliyebaki anahitaji kusikia miguu. Kukimbia kunasikika, na kwenye ramani ndogo kuna duara linaloonyesha sauti yako inafika wapi. Shift ukiwa ndani ya umbali wa kusikiwa, kimbia ukiwa nje. Wanaotembea kwa Shift raundi nzima nao ni tatizo, wanafika zikiwa zimebaki sekunde 15 na kutega kunachukua 4.

Spike ikishategwa tabia ibadilike kabisa. Mna sekunde 45, wao wanahitaji 7 kuitegua, na wakifika 3.5 nusu hiyo inabaki hata wakiachia. Nani ana haraka? Wao. Sasa kwa nini mtu mwenye faida ya wanne dhidi ya wawili anatoka kuwinda? Kaeni sehemu mbili zinazoiona Spike kutoka pande tofauti, mbali, na tegeni mahali panapoonekana kutoka mnakokwenda kukaa, si kona iliyojificha. Mkisikia mlio wa kutegua, wa kwanza mara nyingi ni wa kuwadanganya mchungulie. Hesabu kimoyomoyo hadi mbili, kisha mtoke wote pamoja.

---

mbeba_spike

Aisee, asanteni sana wakuu. Nimeshashusha sensitiviti hadi 320, kweli najiona mlevi. Maswali mawili ya nyongeza. Moja, kwa mhasibu: raundi ya pili nina 1,900, nataka kubana, lakini wenzangu wanne wote wamenunua. Nifanyeje? Mbili: nitajuaje kama tatizo langu ni mkono, hela, au kutangulia peke yangu? Kila mmoja hapa anavutia kwake.

---

mhasibu_wa_raundi

Nunua. Bora watano wabovu kwa pamoja kuliko wanne wabovu na mmoja anayetazama. Ukibana peke yako raundi hii mnapigwa wanne na nusu, raundi ijayo wewe una Vandal na wao hawana kitu, mmepoteza raundi mbili badala ya moja. Jaribu kusema "tubane" sekunde tano za kwanza kabla mtu hajabonyeza. Baadaye ni kelele. Na ukiwa na 6,000 huku mwenzako ana 1,500, mnunulie, asikuombe mara mbili. Hela iliyobaki mfukoni mwako mwisho wa mechi haina kazi.

---

hesabu_kwanza

La pili lina jibu la kalamu na karatasi. Rekodi mechi tano kwa OBS au programu yoyote ya kurekodi, za kupoteza na za kushinda. Usiangalie mauaji. Nenda kwenye kila kifo, rudisha sekunde tano nyuma, kiweke kwenye kundi moja:

M: nilimwona, nikapiga, nikakosa, au nilikuwa nasogea.
A: alama ya shabaha haikuwa kwenye kimo cha kichwa, au haikuwa upande alikotokea.
P: nilikuwa peke yangu, hakuna wa kunilipizia.
H: silaha au ngao yangu ilikuwa duni kuliko yake.
T: sikupaswa kuwepo pale, mfano Spike ilikuwa imetegwa na nikatoka kuwinda.

Mechi tano zitakupa vifo 70 hadi 90. Kundi litakalozidi ndilo la kufanyia kazi wiki mbili, mengine yaache kwanza. Kwa hali uliyoeleza, Reyna, peke yake, sensitiviti 960, ningebashiri P na A zitashindana juu. Rudia baada ya wiki mbili kwa mechi tano nyingine na utazame uwiano, si ranki.

Kingine, mechi mbili za kupoteza mfululizo funga siku hiyo. Kwa −22 kila moja, ya tatu ukiwa na hasira inafuta zaidi ya ushindi mmoja.

---

shabaha_kichwani

Naongeza moja kwenye karatasi ya hapo juu: kabla ya kuandika M, punguza kasi ya video hadi robo. Vifo vingi vinavyoonekana ni vya mkono ni A. Mtu anasema "nilimkosa," kumbe alama ilikuwa kiunoni na ilibidi aipandishe kwanza. Mbeba_spike, ukimaliza leta hesabu hapa, weka na ramani ulizocheza.